Nzi Waliotoka Kabla ya Siku Yao

Kazi yangu ni kutazama macho ya nzi. Watu wakiniuliza kwenye foleni ninafanya nini maishani, huwa nasema niko maabara na kuishia hapo, kwa sababu ukimwambia mtu kwamba umesoma miaka yote hiyo ili umkodolee macho nzi wa matunda, anakutazama kama mtu aliyetapeliwa. Siku nyingine mimi mwenyewe naona hawajakosea.

Chumba chetu hakina dirisha. Kina meza mbili, hadubini mbili, bomba la gesi ya kuwalaza nzi usingizi, na makabati mawili ya joto yanayonguruma kutwa kucha. Nzi wetu wanakula uji wa mahindi uliotiwa sukari na hamira, na harufu ya uji huo imeingia kwenye nguo zangu, kwenye mkoba, mpaka kwenye nywele. Nikipita sokoni nzi wa mitaani wananifuata kama jamaa aliyerudi kutoka safari.

Asubuhi nafika kabla ya wengine ili kutenga mabikira. Ndivyo tunavyowaita, na usicheke. Jike akishatoka kwenye ganda lake ana saa chache tu kabla hajakubali dume, na akishakubali anabaki na mbegu za dume huyo tumboni kwa siku nyingi. Ukimchukua aliyechelewa, hujui watoto wake ni wa nani, na jaribio zima limekwenda na maji. Kwa hiyo unatenga asubuhi, unarudi kutenga jioni, Jumapili ni siku kama nyingine, na sikukuu nzi hawaijui. Nimefanya hivyo kwa miaka minne na ushee, na nimechoka. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema tu kwamba kuna uchovu unaoisha ukilala, na kuna huu wangu, ambao ukilala unaamka nao.

Nina binti wa miaka sita. Anaishi na baba yake na mama mkwe wangu, mwendo wa siku mbili kwa basi kutoka hapa. Nilipomwacha alikuwa hajui kufunga vifungo vya gauni lake, na sasa, naambiwa, anasuka nywele za wanasesere. Mama mkwe alimweleza kwamba mama yake amekwenda kusomea nzi, na mtoto akalishika hilo. Kila nikipiga simu swali lake ni lilelile: "Mama, nzi wamemaliza?"

Namjibu kwamba wamekaribia. Na si mara moja niliyowaambia nakuja. Mara ya kwanza kabati moja la joto liliharibika na nusu ya nzi wangu wakafa. Mara ya pili utitiri uliingia kwenye chupa, ikabidi nibaki kuzisafisha na kuhamisha nzi mmoja mmoja. Mara ya tatu Profesa alitaka matokeo ya kupeleka mkutanoni. Mume wangu ni mtu mvumilivu, hajawahi kunipandishia sauti, ila siku hizi nikimwambia nimeahirisha anasema "sawa" haraka mno, kama mtu anayefunga mlango kabla mvua haijaingia ndani.

Sasa hao nzi wenyewe. Ndani ya kila seli kuna uzi wa vinasaba, mrefu kupita kiasi, na ili utoshe umezungushwa kwenye vibonge vya protini na kukunjwakunjwa. Uzi pamoja na vibonge vyake ndiyo kromatini. Mahali pengine umelegea, na jeni zilizopo hapo zinasomwa na kufanya kazi yake. Mahali pengine umebanwa, na jeni zake zimenyamazishwa. Tabu ni kwamba ule ubanaji una tabia ya kusambaa, ukamnyamazisha hata jirani asiyehusika. Kelele nazo husambaa: kichocheo kilichowekwa ili kuwasha jeni moja kinaweza kuwasha na ya jirani, ambayo ilitakiwa ilale. Ndipo vinapokuja vihami. Kihami ni kipande kifupi cha uzi huohuo. Protini fulani hukikalia, na kikishakaliwa kinakuwa mpaka. Ya huku yanabaki huku, ya kule yanabaki kule.

Mimi nilichukua jeni ya rangi ya macho nikaipachika karibu na sehemu iliyobanwa. Jeni hiyo inaitwa Nyeupe, ingawa kazi yake ni kuleta wekundu, kwa sababu wakubwa wetu wa zamani walizipa jeni majina ya kile kinachotokea zikiharibika. Ni kama kumwita mpishi Njaa. Bila kihami, ubanaji unaifikia Nyeupe katika seli hizi na kuiacha katika zile, na jicho linatoka na madoadoa. Ukiweka kihami kizima, jicho linakuwa jekundu lote. Nilichotakiwa kujua ni hiki: kihami kinaweza kukatwa mpaka wapi na bado kikafanya kazi?

Kipande changu cha mwisho kilikuwa kifupi kuliko vyote. Kikikinga, tasnifu imekwisha na mimi nakwenda zangu nyumbani. Kisipokinga, natengeneza kipande kingine kirefu kidogo, na mpaka upate nzi wapya wenye kipande hicho, nusu mwaka umekatika. Nilikuwa sina nusu mwaka mwingine mwilini mwangu.

Basi wiki ileile ambayo mabuu yangu yalikuwa yanakua ndani ya uji, homa ikanilaza. Homa ya kweli, ya kutetemeka na kuota mchana. Nikampigia simu mwanafunzi mwenzangu, ambaye sote tunamwita Hamnashida kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu, hata siku ile soketi ilipotoa moshi. Yeye anachunguza jinsi nzi wanavyonusa, wala hana habari na rangi za macho. Nikamwomba anitazamie chupa zangu.

"Hamna shida, dada," akasema. "Wewe lala."

Nililala wiki nzima. Niliporudi nikakuta nzi wameshaanza kutoka. Nilishangaa kidogo, maana kwa hesabu yangu siku yao ilikuwa bado. Nikasema homa imenivuruga kichwa. Nikawalaza kwa gesi, nikawamimina kwenye kibao cheupe, nikainama kwenye hadubini.

Macho yalikuwa mekundu.

Niligeuza mmoja kwa brashi, nikageuza wa pili, nikageuza wote. Hakuna doa. Kundi la kulinganisha, lile lisilo na kihami kabisa, lilichelewa kutoka, na lilipotoka lilikuwa na madoadoa yake kama kawaida. Nikajiambia kila chupa ina mwendo wake. Mtu akitaka kuamini kitu hakosi maneno ya kujiambia.

Profesa ni mama mtu mzima anayevua viatu chini ya meza na kufanya kazi akiwa peku. Alikuja mwenyewe chumbani kwetu, akatazama, akasimama wima akishika kiuno.

"Binti," akasema, "umemaliza."

Akaenda kuwaandikia watahini siku hiyohiyo. Mimi nikatoka hadi kwenye ngazi, mahali pekee simu inaposhika vizuri, nikampigia mume wangu. Nikamwambia nakuja mwisho wa mwezi, na safari hii si kutembea, nakuja jumla. Akacheka, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Akasema ngoja akawaambie. Nilirudi ndani nikilia wazi, na Hamnashida akanipa kitambaa cha kufutia lenzi.

"Si nilikuambia?" akasema, ingawa hakuwa ameniambia kitu.

Kilichobaki kilikuwa picha. Tasnifu inataka picha: nzi wenye kipande changu upande huu, wale wa kulinganisha upande ule. Siku zote hizo nilikuwa nimetazama macho tu, nimezoea hivyo, nikitazama nzi sioni nzi, naona jicho. Lakini picha ilitakiwa ioneshe mwili mzima. Nikawalaza majike wawili ubavu kwa ubavu, nikaweka kamera sawa, sura yao ikatokea kwenye kioo cha kompyuta.

Wangu alikuwa mdogo. Na tumbo lake lilikuwa limepauka. Ile michirizi myeusi ya mgongoni, ambayo kwa mwenzake ilikuwa mipana na imekolea, kwake ilikuwa myembamba, kama iliyochorwa na kalamu inayoishiwa wino. Nikalaza wengine. Ni hivyohivyo, wote.

Mtu wa nzi haambiwi maana yake. Nzi aliyekulia kwenye joto kali huwahi kutoka, huwa mdogo, na tumbo lake hupauka. Na joto linafanya jambo jingine, ambalo mimi naliishi na mwenzangu halimhusu: linaulegeza ule ubanaji. Ukimkuza nzi kwenye joto la kutosha, Nyeupe inapata nafasi ya kufanya kazi hata bila kihami chochote. Macho yangu mekundu huenda hayakuletwa na kipande changu. Huenda yaliletwa na kabati.

Hamnashida alikuwa meza ya pili, anaosha chupa. Nilimuuliza bila kugeuka, kwa sababu niliogopa uso wangu.

"Ulizihamisha chupa zangu?"

"Zipi?"

"Usinizungushe, kaka. Nimechoka."

Akafunga bomba. "Nilizitia kabati la pili," akasema. "Lile lenye joto zaidi. Siku tano hivi. Halafu nikazirudisha."

"Kwa nini?"

"Ili watoke mapema." Alikuja akasimama kando yangu, mikono ikimchuruzika maji. "Nilikuwa nakusikia pale kwenye ngazi ukiongea na mtoto. Kila siku wamekaribia, wamekaribia. Nikasema huyu dada akirudi kutoka kwenye homa yake akute wameshatoka, apumue kidogo. Kuna ubaya?"

"Na trei ya kulinganisha?"

"Ile haikuwa na jina lako," akasema. "Niligusa zako tu. Nisingegusa za watu."

Ningependa kusema kwamba nilimfokea. Nilitaka. Lakini ukimtazama mtu aliyekufanyia wema, na wema huo umekuvunja mgongo, maneno hayajui yaanzie wapi. Kwake yeye joto ni kalenda inayokwenda haraka, basi. Nikamweleza. Nilimwona akielewa polepole, kuanzia macho hadi mabega.

"Lakini," akasema baadaye, kwa sauti ya chini, "huenda kipande kinafanya kazi kweli."

"Huenda."

"Basi nani atajua? Mimi sisemi. Piga picha ya macho peke yake, kata tumbo. Watu wanakata picha kila siku."

Nilifikiri juu ya hilo. Sitajitia utakatifu, nilifikiri sana. Nilipima hata mahali pa kukata. Kilichonizuia hakikuwa dhamira safi. Ni kwamba uongo ni kitu cha kulishwa. Leo ungekata picha, kesho ungejibu swali la mtahini, mwakani mtu fulani asiyekujua angechukua kipande chako akakitumia kwenye nzi wake, akapata madoadoa, akakuandikia kwa heshima kukuuliza amekosea wapi. Mimi nilikuwa hoi. Sikuwa na nguvu ya kufuga kitu kingine chenye njaa.

Nikabeba kompyuta mpaka kwa Profesa, nikaiweka mbele yake. Yeye hakuhitaji maelezo. Alitazama matumbo yale mawili kwa muda, akavuta pumzi kwa pua.

"Kabati la pili," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe?"

"Nilikuwa naumwa. Niliacha chupa mikononi mwa mwenzangu." Sikutaja jina, na hakuuliza. Sisi ni wachache, hakukuwa na haja.

Alipapasa viatu vyake kwa miguu, asivivae. "Rudia," akasema. "Trei zote pamoja, rafu moja, nyuzi joto ishirini na tano. Watahini nitawaandikia tena." Kisha, nilipokuwa nimeshafika mlangoni: "Kwenu walikuwa wanakusubiri?"

"Walikuwa wananisubiri."

"Pole, binti," akasema, na nadhani alimaanisha, kwa sababu hakurudi kwenye kazi yake mpaka nilipofunga mlango.

Jua lilikuwa halijazama nilipokaa kwenye ngazi na simu mkononi. Wafagizi walikuwa wanapita na ndoo zao, ikabidi nisogeze miguu. Nilikuwa najiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimepanga hata maneno: mwanangu, si kwamba Mama hataki. Mume wangu alipokea. Nikamwambia kwa kifupi, bila mambo ya joto na kromatini. Akasema, "Sawa." Haraka, kama siku zote.

"Nimwambie mimi?" akauliza.

"Hapana. Nipe nimwambie mwenyewe."

Nikasikia akiita, nikasikia miguu inakimbia.

"Mama."

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo." Alikuwa anatafuna kitu.

"Sikiliza. Wale nzi wamenigomea. Imebidi nianze nao tena. Kwa hiyo mwisho wa mwezi sitakuja."

"Haya," akasema.

Nikangoja. Akaendelea kutafuna.

"Hujakasirika?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Bibi alishaniambia hutakuja," akasema, kwa upole, kama anayenikumbusha kitu nilichosahau. "Siku ile Baba aliyosema unakuja. Bibi akaniita jikoni, akasema Baba yako ana furaha, mwache afurahi, lakini wewe usiyatie moyoni, nenda kacheze. Nikaenda kucheza."

Nikamwambia amwite Bibi yake. Hasira ilikuwa inapanda sasa, ile ambayo Hamnashida hakuipata na Profesa hakuipata, na ilikuwa imempata wa kumwangukia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Alijua. Nilimsikia akivuta kiti, akamtuma mtoto nje, akasubiri mlango ufungwe. "Sema tu. Nakusikiliza."

"Unamwambia mwanangu kwamba mimi ni mwongo?"

"Sijamwambia hivyo. Wala wewe si mwongo." Akaendelea: "Ile safari ya utitiri, hukuambiwa. Alivaa viatu asubuhi akakaa dirishani mpaka giza likaingia. Tukamvua akiwa amelala. Safari iliyofuata alianza kukojoa kitandani, mtoto mkubwa yule, wiki kadhaa. Mume wako alinikataza nisikuambie, akasema una mzigo wako. Mimi nami nikasema, basi, haya maneno ya simu yatapita kwangu kwanza. Akisikia anakuja, na mimi namwambia nenda kacheze. Sasa anakula, analala, anacheza. Nichukie kama unataka."

Nilitafuta pa kumchukia, nikakosa. Mfagizi mmoja alirudi na ndoo tupu, akaniuliza kama niko salama, nikamwashiria kwamba niko salama. Miaka minne na ushee nimetafuta kipande gani kinatosha kumkinga mmoja na vurugu za jirani yake. Haikunijia akilini hata siku moja kwamba kuna mtu alikuwa anamkinga mtoto, na kwamba vurugu zenyewe ni mimi.

Nikalia, na mama mkwe akaniacha nilie. Hakuninyamazisha. Nilipomaliza nilikuta nimeshaamua, wala sikumbuki ni wakati gani niliamua.

"Mama," nikasema, "nakuja. Nakata tiketi kesho asubuhi. Jumamosi niko hapo."

"Na nzi wako?"

"Hawajamaliza. Watabaki na wenzangu. Wakiharibika, wameharibika."

"Na masomo?"

"Nitarudi kuyamalizia, au nisirudi, sijui. Lakini Jumamosi nakuja."

Nikamsikia akipangusa kitu kwa kiganja, meza labda.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Baba yake nitamwambia, nami nitakutandikia kitanda leo hii." Kisha akashusha sauti, bila ubaya wowote ndani yake. "Ila mtoto simwambii. Akikuona mlangoni, atakuwa amekuona."